Maria Montessori: Daktari aliyeanza na watoto wa ploti

Mtu akitembea asubuhi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kutoka Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Pipeline, si ajabu kukutana na lango la shule ya chekechea lililopambwa kwa michoro ya wanyama na herufi za rangi, na juu yake neno Montessori. Mzazi anayekimbilia matatu hulitupia jicho lango hilo na kupiga hesabu ya karo. Kwa wengi, neno hilo limekuwa sawa na sare nadhifu, basi la manjano na ada isiyofikiwa na mshahara wa kibarua wa Eneo la Viwandani. Ni wachache wanaofahamu kwamba hilo ni jina la mtu, daktari wa Kiitaliano aliyeaga dunia mwaka 1952. Wachache zaidi wanajua kwamba shule yake ya kwanza ilifunguliwa kwa ajili ya watoto wa vibarua, ndani ya jengo lile lile walimopanga wazazi wao.

Maria Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona. Babake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa desturi za kale ambaye hakupenda mambo kubadilishwa ovyo. Mamake, Renilde Stoppani, alipenda vitabu katika zama ambazo wanawake wengi wa Italia hawakujua kusoma. Mwaka 1875 familia ilihamia Rome, na huko ndiko binti huyo wa pekee alikokulia.

Alipofika umri wa miaka 13 alijiunga na shule ya ufundi, mahali palipohesabiwa kuwa pa wavulana, kwa nia ya kuwa mhandisi. Baadaye alibadilisha nia na kuchagua udaktari. Babake alipinga, mamake akamuunga mkono. Katika Chuo Kikuu cha Rome, haikuchukuliwa kuwa adabu kwa mwanamke kuwa chumba kimoja na wanaume mbele ya maiti iliyo uchi. Ikambidi afanye mazoezi ya upasuaji peke yake jioni, wenzake walipokwisha kuondoka. Alihitimu mwaka 1896, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupata shahada hiyo nchini mwake.

Kazi ya hospitali ilimfikisha katika wodi za wagonjwa wa akili. Humo alikuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima, katika vyumba visivyo na kitu chochote cha kushika. Inasimuliwa kwamba mhudumu mmoja alilalamika jinsi watoto hao walivyokuwa wakitambaa sakafuni baada ya chakula kuokota makombo ya mkate, akidhani ni ulafi. Daktari huyo kijana aliona jambo jingine. Watoto hawakuwa na njaa ya tumbo, bali mikono yao ilikuwa ikitafuta kazi.

Wazo hilo lilimpeleka kwenye maandishi ya madaktari wawili wa Ufaransa waliomtangulia, Jean Itard na Édouard Séguin, waliojaribu kuwafundisha watoto wa aina hiyo kwa kutumia vitu vya kugusa, kupanga na kulinganisha. Aliyafasiri kwa Kiitaliano na kuyanakili kwa mkono wake mwenyewe, ili kila neno limkae akilini. Mwaka 1900 alikabidhiwa, pamoja na daktari mwenzake, shule ya kuwaandaa walimu wa watoto hao. Baadhi ya wanafunzi wake, waliokwisha kukatiwa tamaa na kila mtu, walifanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida na wakafaulu. Watu walimsifu. Yeye alijiuliza ni kitu gani kilichokuwa kikiwazuia watoto wazima wa shule za umma, hata wakashikwa na watoto hao wagonjwa.

Daktari mwenzake huyo aliitwa Giuseppe Montesano. Mwaka 1898 walikuwa wamepata mtoto wa kiume, Mario, nje ya ndoa. Katika Rome ya wakati ule, siri hiyo ingefichuka, kazi ya mwanamke huyo ingekwisha siku iyo hiyo. Mtoto akapelekwa mashambani kulelewa na watu wengine, naye Montesano akaoa mwanamke mwingine. Mama akawa anamtembelea mwanawe kama mgeni. Ni jambo zito kulieleza katika maisha ya mtu aliyekuja kuufunza ulimwengu namna ya kukaa na watoto, na waandishi wengine wa wasifu wake wa mwanzo walilipita kimya kimya. Mario aliungana na mamake tena alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, na hawakutengana tena kwa hiari yao.

Ndipo ikaja San Lorenzo. Mtaa huo wa Rome ulikuwa umezaliwa na tamaa ya wajenzi. Katika miaka ya 1880 matajiri walikimbilia kujenga majumba marefu ya kupangisha, kisha biashara ikaporomoka na majengo yakaachwa bila kumalizika. Maskini waliingia, wakagawana vyumba, familia moja ikampangisha mwenzake pembe ya chumba. Mkazi wa Huruma au Pipeline hahitaji kuelezwa zaidi. Baadaye kampuni moja ya nyumba ilinunua sehemu ya majengo hayo na kuyakarabati, lakini ikapata tatizo. Wazazi walipokwenda vibaruani, watoto wasiotimiza umri wa kwenda shule walibaki peke yao mchana kutwa, wakikimbia kwenye ngazi, wakichora kuta na kuharibu rangi mpya. Mkurugenzi wa kampuni, Edoardo Talamo, aliona kwamba ingekuwa nafuu kuwakusanya katika chumba kimoja kuliko kupaka rangi kila mwezi. Alimwendea Montessori.

Kwa hiyo mwanzo wa elimu hii inayosifiwa duniani ulikuwa hesabu za landilodi.

Januari 6, 1907 chumba hicho kilifunguliwa katika barabara ya Marsi, nacho kikaitwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto. Waliingia watoto wapatao 50, wa umri wa kati ya miaka miwili na saba, wengi wao waoga, wenye kulia, na waliovaa nguo zilizochakaa. Montessori hakutafuta mwalimu wa kusomea. Alimchukua mwanamke wa kawaida, akamwagiza asiwafundishe kwa kelele bali awaoneshe namna ya kutumia vifaa, kisha awaache. Wazazi hawakulipa karo. Sharti lao lilikuwa kumleta mtoto akiwa safi, kuheshimu kazi inayofanyika mle, na kuzungumza na mlezi mara kwa mara kuhusu maendeleo ya mtoto. Kwa kuwa shule ilikuwa ndani ya jengo lao, mama aliweza kuingia wakati wowote na kujionea.

Yaliyotokea humo aliyaandika kwa makini ya daktari anayemchunguza mgonjwa. Msichana wa umri wa miaka mitatu hivi alikuwa akichomeka vipande vya mbao vya unene tofauti katika matundu yake. Alivitoa, akavirudisha, akavitoa tena. Montessori aliamuru wenzake waimbe na kuzunguka, kisha akakiinua kiti chenyewe akiwa amekikalia. Mtoto alivikumbatia vipande vyake na kuendelea. Alirudia zaidi ya mara arubaini, kisha akaacha mwenyewe, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mzuri. Ilikuwa ikiaminiwa kwamba mtoto mdogo hawezi kutulia na jambo moja. Imani hiyo ilianza kuvunjika kwa vipande vile vya mbao.

Siku nyingine mlezi alichelewa, na kabati la vifaa lilikuwa limesahauliwa bila kufungwa. Alipofika alikuta watoto wamejichukulia kila mmoja kifaa anachokitaka na wamezama katika kazi. Alidhani ni wizi. Montessori aliona kwamba watoto walikwisha kuvijua vifaa na walikuwa na haki ya kuchagua. Tangu hapo makabati marefu yenye kufuli yaliondolewa, zikaletwa rafu fupi zilizo wazi, meza ndogo na viti ambavyo mtoto anaweza kuvibeba mwenyewe. Leo viti vidogo ni jambo la kawaida katika chekechea. Wakati ule lilikuwa jambo la kushangaza.

Kisha lipo somo la kamasi. Siku moja aliwafundisha jinsi ya kupenga kwa leso bila kelele na bila kuvuta macho ya watu. Watoto walimtazama kwa makini yasiyo na kicheko hata kidogo, na alipomaliza walipiga makofi kama watu waliotoka kwenye tamasha. Alishangaa, halafu akaelewa. Watoto hao walikuwa wametukanwa kwa ajili ya kamasi zao tangu walipozaliwa, na hakuna aliyewahi kuwaonesha la kufanya. Mtoto wa maskini huambiwa mara nyingi kwamba ni mchafu, na mara chache hupewa leso.

Kazi za nyumbani zilichukua sehemu kubwa ya siku katika chumba kile. Watoto walifunga vifungo, walifuta meza, walimimina maji bila kuyamwaga, waliandaa chakula cha mchana na kuwagawia wenzao kwa vyombo halisi vinavyovunjika. Montessori aliwahi kuwawekea wanasesere wa kununua, wakawaacha na kurudia ufagio. Hapa ndipo mzazi wa Eastlands anaweza kumwelewa daktari huyo kuliko msomi wa chuo kikuu. Chumba kimoja cha Kayole kina karai, ungo, ndoo, sufuria na maharage ya kuchambua. Mtoto wa miaka minne anayetenganisha maharage na ndengu, au anayepanga vifuniko vya sufuria kulingana na ukubwa, anafanya zoezi lile lile ambalo shule ya karo ya juu huliuza kwa vifaa vilivyosafirishwa kwa ndege. Vizazi vya Wakenya vilijifunza kuhesabu kwa visoda na vijiti. Maseremala wa Gikomba nao hutupa kila jioni vipande vya mbao ambavyo, vikisuguliwa kwa msasa, vinaweza kuwa mnara, ngazi au daraja. Linalotakiwa ni jicho la mtu mzima karibu, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka mitatu atautia ndengu puani kabla hajauhesabu, na hilo kila mama wa ploti analijua.

Awali Montessori hakukusudia kuwafundisha watoto hao kusoma. Yeye pia aliamini kwamba chini ya miaka sita ni mapema mno. Waliomsukuma walikuwa akina mama wa San Lorenzo, wengi wao wasiojua hata kuandika majina yao, waliokuja kumsihi awafundishe watoto wao. Kwa kukosa fedha za kutengenezewa herufi za mbao, alikata herufi kutoka karatasi ya msasa na kuzibandika kwenye kadi. Mtoto alipitisha kidole juu ya herufi kwa mwelekeo wa kuandika huku akitamka sauti yake. Kidole, jicho na sikio vilijifunza pamoja. Herufi hizo za ufukara, ambazo mzazi yeyote anaweza kuzikata leo kwa msasa wa duka la vifaa vya ujenzi na boksi la karatasi, zilikuja kuwa miongoni mwa vifaa maarufu vya mbinu yake.

Matokeo yalionekana siku moja ya Desemba yenye jua. Montessori alikuwa juu ya paa pamoja na watoto. Alimwomba mvulana wa miaka mitano amchoree bomba la moshi kwa chaki sakafuni. Mtoto alichora, naye akamsifu. Mvulana alimtazama, akatabasamu, kisha akaruka kwa furaha akitangaza kwamba anaweza kuandika. Aliinama akaandika neno la Kiitaliano lenye maana ya mkono, kisha bomba la moshi, kisha paa. Hakuwa amefundishwa kuandika neno lolote. Mkono wake ulikuwa umezoea maumbo na sikio lake limezoea sauti, na siku hiyo viwili hivyo vilikutana. Wenzake walimfuata, na kwa siku kadhaa wakaandika kwenye sakafu, milango na kuta, hata mikate nyumbani. Kuta zile zile ambazo Talamo alitaka zihifadhiwe!

Kuandika kulitangulia kusoma. Vitabu vilikuja baadaye, na hapo Montessori alikuwa na subira ambayo wazazi wa sasa wameikosa. Alianza na vijikaratasi vyenye jina la kitu kimoja kimoja. Mtoto alisoma neno na kuliweka juu ya kitu chenyewe. Mtoto alipewa kitabu alipokwisha kutambua kwamba maandishi ni sauti ya mtu anayezungumza naye. Kwa miaka mingi baadhi ya shule za kibinafsi jijini Nairobi zimekuwa zikiwafanyia watoto mtihani wa kuingia, na mzazi kwa woga humkaririsha mwanawe alfabeti usiku wa manane. Katika Nyumba ya Watoto hapakuwa na kukariri, wala tuzo wala adhabu. Mtoto aliyewahi kupewa nishani alimpa mwenzake na kuendelea na kazi.

Kuhusu hadithi, hata hivyo, daktari huyo alikuwa na msimamo ambao bibi wa Kiafrika asingeukubali. Aliona kwamba mtoto mdogo asilishwe ngano za viumbe wasiokuwapo kabla hajaweza kutenganisha uhakika na uzushi. Apewe kwanza habari za ulimwengu halisi. Watoto waliokuzwa kwa Sungura na Fisi hawajasikika wakishindwa kujua kwamba fisi hasemi. Ngano hufundisha lugha, sikio na hila, na kwa familia isiyo na fedha za kununua vitabu, ndizo maktaba ya kwanza. Ya pili ipo Kaloleni na Makadara, matawi mawili ya maktaba ya McMillan yaliyo katikati ya mitaa, ambayo mtoto anaweza kufika kwa miguu akiwa ameshikwa mkono. Katika jambo hili Montessori alikuwa mwanasayansi kupita kiasi.

Habari za San Lorenzo zilienea upesi. Kitabu chake cha mwaka 1909 kilifasiriwa katika lugha nyingi, kile cha Kiingereza kikitoka mwaka 1912. Mwaka uliofuata alizuru Marekani na kuhutubia ukumbi wa Carnegie jijini New York uliofurika watu. Aliacha udaktari na kuishi kwa vitabu, mafunzo ya walimu na haki za vifaa vyake. Alivilinda vifaa hivyo kwa wivu. Vilitakiwa vitengenezwe na makampuni aliyoyaidhinisha, kwa vipimo vyake, na walimu walitakiwa kufunzwa naye au na aliowateua. Alihofia mbinu kuharibiwa na waigaji, na hofu yake ilikuwa na msingi. Lakini hapo ndipo bei ilipoanza kupanda, na kitu kilichozaliwa katika jengo la maskini kikaanza kuhamia mitaa ya wenye uwezo. Jina lenyewe alishindwa kulidhibiti. Hadi sasa yeyote anaweza kulipaka kwenye lango lake.

Katika siasa alifanya kosa ambalo wapenzi wake hupenda kulipita haraka. Kuanzia mwaka 1924 alikubali msaada wa Benito Mussolini, aliyetaka sifa ya kuwa na shule za kisasa. Alidhani angeutumia utawala huo bila kutumiwa nao. Kufikia mwaka 1934 walikuwa wamekosana, kwani dikteta alitaka watoto wa kutii, naye alikuwa akilea watoto wa kuchagua. Shule zake zilifungwa Italia, na huko Ujerumani Wanazi walizifunga pia na kuvichoma vitabu vyake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania vilimfukuza Barcelona mwaka 1936, akahamia Uholanzi.

Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 69, alisafiri na Mario kwenda India kufundisha walimu mjini Madras. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza waliwahesabu kuwa raia wa adui. Mario alitiwa kizuizini na mama akazuiwa kutoka katika makao aliyofikia. Agosti 31 mwaka huo, siku aliyotimiza miaka 70, serikali ya kikoloni ilimwachilia Mario kama zawadi, na katika ujumbe wake ilimtaja kuwa mwanawe. Kwa miaka mingi alikuwa ametambulishwa kwa watu kuwa mpwa au mtoto wa kulea. Walibaki India hadi mwaka 1946, wakiwafunza mamia ya walimu, kisha wakarudi tena kwa muda.

Nchini Kenya, jambo alilolipigania limerudi kwa jina jingine. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unamtaka mtoto ajifunze kwa kutenda na mzazi ashiriki nyumbani. Katika mitaa mingi mpango huo ulipokewa kwa manung'uniko, kwa kuwa mzazi anayerudi saa mbili usiku alijikuta akitafuta manila, gundi na rangi za kununua. Shida ya San Lorenzo ilikuwa hiyo hiyo, ya wazazi wasiokuwapo mchana. Tofauti ni kwamba kule vifaa na mlezi vilipelekwa hadi chini ya ngazi zao.

Montessori aliteuliwa kuwania Tuzo ya Nobel ya Amani mara tatu, mwaka 1949, 1950 na 1951, bila kuipata. Baadaye Italia iliiweka sura yake kwenye noti ya lira 1,000, ambayo ilitumika hadi nchi hiyo ilipoanza kutumia sarafu ya Yuro.

Siku zake za mwisho aliishi Noordwijk, kijiji cha pwani ya Uholanzi. Mei 6, 1952 alikuwa akizungumza na Mario kuhusu safari ya Afrika. Alikuwa amepata habari kwamba Gold Coast, nchi iliyokuja kuitwa Ghana, ilihitaji sana walimu wa watoto wadogo, naye alitaka kwenda. Mario aliona kwamba mama wa miaka 81 hangestahimili joto na uchovu wa safari hiyo. Hawakuwa wameafikiana alipopatwa na kiharusi siku hiyo hiyo, akafa. Alizikwa hapo hapo Noordwijk, na safari ya Afrika haikufanyika.